Habbasoda, Kompyuta na Kidonda Kisichopona

Mama mmoja wa Mji wa Kale, ambaye shavu la mwanawe mwenye ualbino lina kidonda kisichopona, ameniuliza: ni kweli kompyuta imethibitisha kuwa habbasoda yatibu saratani ya ngozi?

Kompyuta haithibitishi, hukisia. Hupewa umbo la protini ichocheayo saratani, kisha hujaribu viambato vya mimea kimoja kimoja, mfano wa funguo kwenye kufuli. Thaimokwinoni ya habbasoda ni miongoni mwa funguo hizo. Ufunguo ukiingia, ndipo kazi huanza: maabara, wanyama, kisha wanadamu, kwa miaka. Na wengi huanguka njiani. Dawa ya kupaka iliyotokana na gugu liitwalo Euphorbia peplus iliruhusiwa Marekani mwaka 2012 kwa mabaka ya jua yatanguliayo saratani. Mwaka 2020 Ulaya ikaondolewa, kwa hofu kwamba yaweza kuleta saratani yenyewe!

Mtume (s.a.w.) ameisifu habbasoda, nasi twaiamini sifa hiyo. Ndiye pia aliyetuamrisha kutafuta tiba. Basi, mama, mafuta uliyonunua Marikiti yaweke. Mpeleke kijana Hospitali Kuu ya Pwani wiki hii, kidonda kikatwe kipande kipimwe.