USIMTETEE MTU KWA SUTI YAKE



Ndugu zangu, vijana wetu wanasoma vitabu vya katuni vya mashujaa wanaoruka angani, na sisi wazee husema ni upuuzi. Vingi ni upuuzi kweli. Leo lakini tukae na kimoja, maana kina swali zito.

Ni toleo la 76 la Green Lantern, la Aprili 1970, lililoandikwa na Dennis O'Neil na kuchorwa na Neal Adams, huko Marekani. Ilikuwa miaka miwili tangu Martin Luther King auawe, na Wamarekani weusi walikuwa bado wanadai haki zao.

Shujaa huyu ana pete yenye nguvu za ajabu, na kazi yake hufika hadi sayari za mbali. Anapita juu ya mji, anaona kijana anamvamia bwana aliyevaa suti. Hakuuliza kitu. Akashuka, akamdhibiti kijana. Watu wa mtaa wakamrushia takataka, naye akashangaa: nimelinda sheria, mbona nachukiwa?

Mwenzake, Green Arrow, akamwingiza ndani ya jengo lile bovu akawaone wanaoishi humo. Kumbe bwana wa suti ndiye mwenye nyumba, na anataka kuwafukuza wapangaji ili pajengwe maegesho ya magari. Kisha mzee mmoja mweusi akamkabili shujaa: umewahudumia viumbe wa sayari nyingine, wenye ngozi za kila rangi, sisi weusi tulio hapa umetufanyia nini? Shujaa akainamisha kichwa. Hakuwa na jibu.

Tazameni kosa lake. Nguvu alikuwa nazo, na nia njema alikuwa nayo. Hakumsikiliza wa pili. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali (R.A.) Yemen kuwa kadhi, alimfundisha asihukumu mpaka amsikilize mgomvi wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Simruhusu kijana kupiga watu. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamie haki, awe mtu tajiri au masikini. Lakini suti si ushahidi, na kelele za masikini si ushahidi kwamba yeye ndiye mkosa.

Ndugu yangu, tunawalilia Waislamu wanaodhulumiwa nchi za mbali, tunasambaza picha zao, tunawachangia. Usiache, hiyo ni haki ya udugu. Ila yule mzee akikujia wewe, atakuuliza nini? Umepangisha vyumba, choo kimejaa, na bado unadai kodi ya miezi sita. Dada wa kazi ana miezi mitatu hajalipwa. Ugomvi ukifika kwenye kamati ya msikiti, mwenye kutoa mchango mkubwa husikilizwa kwanza, na mara nyingine husikilizwa peke yake. Kisha tunasema tumesuluhisha!

Wiki hii mkumbuke mtu mmoja uliyemhukumu kwa maneno ya upande mmoja. Nenda kwake, kaa, msikilize mpaka amalize. Ukiona ulimdhulumu, mrudishie haki yake hapa duniani, kabla hajaidai siku ambayo malipo si fedha bali ni mema yako.

Allah atujaalie tuione haki na tuifuate. Aamin.

Wabillahi tawfiq.