Mtoto Mzito Si Mjinga

Msomaji, wako watu wasemao kwamba mtoto asiyefahamu somo upesi ni mjinga, na dawa yake ni kiboko. Neno hili ni batili, na hasara yake ni kubwa kuliko ujinga wenyewe.

Chunguza kwanza sababu. Mmoja haoni vema ubaoni. Wa pili hasikii barabara. Wa tatu amekuja na njaa. Wa nne herufi humchanganyikia machoni ingawa akili yake ni timamu. Je, kiboko kitamfaa yupi kati ya hawa? Miwani, kiti cha mbele, uji wa saa nne na subira ndizo dawa.

Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi. Lakini sheria haiketi darasani, huketi watu.

Watasema watoto ni wengi, na mwalimu ni mmoja. Ni kweli. Ndiyo maana huruma si wajibu wa mwalimu peke yake. Amchekaye mwenziwe asomapo kwa kusitasita ameuongeza mzigo wa darasa, amsaidiaye ameupunguza.

Nawe uliyekwisha kuvuka, unaye ndugu mdogo nyuma yako. Jioni usimwulize amekuwa wa ngapi. Mwulize ni neno gani limemshinda, kisha keti naye mpaka alishinde. Vidole vya mkono havilingani, wala hakuna kikatwacho kwa ufupi wake.