Rangi Haibebi Giaboksi

Tuache uongo. Pikapu iliyopigwa rangi ya krimu na kuvalishwa rimu mpya, huku giaboksi imefungwa kwa waya, ni maiti aliyevishwa suti.

Chukua Datsun 1200 ya miaka ya 70, ile yenye injini ndogo ya cc 1,171. Injini na giaboksi zimeungana, na zinashikiliwa mahali patatu: pawili kando ya injini, pamoja nyuma, chini ya giaboksi. Hapo nyuma hukaa chuma kilichokingama, na raba juu yake. Kikikosekana, mkia wa giaboksi unaning'inia, propela inakaa vibaya, jointi zake zinakufa mapema, na liva ya gia inakurukia mkononi.

Na bado utasikia: "Chomelea tu, boss, itashika." Itashika, ndiyo. Lakini bila raba mtikisiko wote utaingia kebini, na siku ya kubadilisha klachi utakata kwa grinda ndio giaboksi ishuke.

Wengine nao wanangoja kipande orijino kutoka Japani, mwaka baada ya mwaka, gari ikila kutu. Ya nini? (Mimi niliacha chuo, na hii naweza kuipima.) Inua giaboksi kwa jeki mpaka injini irudi usawa wake. Pima mashimo, chora kwenye kadibodi, mpelekee fundi wa jua kali akunje chuma. Raba katafute Kirinyaga Road. Funga kwa bolti.

Ila hiyo haitokei kwenye picha, kwa hivyo pesa zinaenda kwa rimu.