MENO YA UTOTONI SI MENO YA KUTUPA



Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi, mwaka huu tumeona tuzungumzie meno ya watoto, kwani hatukosi mtoto anayesoma juzuu huku ameshika shavu.

Hapa Mbeya, na kwa ndugu zetu wa Iringa, mtoto akilalamikia jino husikika kauli hii: "Mwache, hilo la utotoni, litang'oka tu." Sisi tunaona kauli hiyo ndiyo mlango wa maradhi.

Meno ya utotoni ni 20. La kwanza huota mtoto akiwa na miezi sita hivi, na ya mwisho hung'oka akikaribia miaka 12. Hayo ndiyo yanayoshika nafasi ya meno ya ukubwani. Likiozea na kung'olewa mapema, ya jirani huinamia pengo na la ukubwani huota upande. Tena, akifika miaka sita hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulidhani la utotoni, wakaliacha lioze. Hilo likitoka halirudi.

Kudharau meno haya kumewaumiza hata wachanga. Kwa miaka mingi imeenea nchini imani ya "meno ya plastiki": mtoto akiharisha na kupata homa, ufizi hukatwa na chonge changa likatolewa. Kinachoitwa plastiki ni jino lenyewe ambalo halijakomaa. Kukata ufizi hakutibu kuharisha. Mtoto hupoteza damu, huweza kupata pepopunda, na jino la ukubwani lililo chini huweza kuharibika. Mwenye mdogo wake nyumbani akisikia habari hiyo asinyamaze. Awaombe wazazi kwa adabu wampeleke mtoto zahanati haraka.

Kinga yenyewe ni nyepesi. Baridi ya kwetu imetuzoesha chai yenye sukari nyingi, na pipi haziko mbali. Vijidudu vya kinywani huigeuza sukari kuwa tindikali inayokula jino, na anayemumunya pipi kutwa nzima hulinyima jino nafasi ya kupumzika. Pigeni mswaki mara mbili kwa siku, na wa usiku usifuatiwe na chakula. Dawa ya meno iwe yenye madini ya floraidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Wadogo zenu walio chini ya miaka saba wasaidieni, kwani hawajaweza kusugua vizuri peke yao.

Nasi Waislamu hatuna udhuru, kwani Mtume (s.a.w.) alihimiza sana mswaki. Anayetumia kijiti asugue hadi magego, si meno ya mbele yanayoonekana tu.

Rai yetu ni hii: likizo ijayo kila mwanafunzi amwombe mzazi wake ampeleke hospitali akaangaliwe meno kabla hayajauma. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jino haujengeki upya.

Wabillahi tawfiq.