Mnaokata springi kwa grenda, mnamdanganya nani?



Wiki iliyopita nilisimamishwa pale Mwenge na kijana mmoja nisiyemfahamu. "Kaka, si ndiye wewe uliyeandika gazetini mambo ya magari yaliyoshushwa? Na mimi nimeshusha yangu. Njoo uone." Nikaenda kuona. Impreza ya bluu, rimu za inchi 18 zinang'aa, nyuma imelala mpaka tairi imemezwa na bodi. Nikainama nikachungulia juu ya tairi. Springi imekatwa kwa grenda, na ncha yake bado ina makali. Yeye amesimama pembeni anangoja nimsifie.

Sikumsifia. Kumgombeza nako nilishindwa, kwa sababu ni kweli, niliandika mimi. Ukurasa wa wikiendi, picha nne kubwa, na katikati ya maneno yangu nikachomeka kwamba gari likishushwa linashika barabara kuliko lilivyotoka kiwandani. Niliyajuaje hayo? Nilimuuliza mwenye gari! Na mtu aliyekwisha kutoa hela zake atakuambia nini zaidi ya kwamba amefanya jambo la maana? Mhariri alitaka picha, nami nikampa picha na uongo juu yake. Chuo kikuu nilifundishwa kutafuta chanzo cha pili. Kwa habari ya diwani ningekitafuta. Kwa habari ya magari nikaona ni starehe tu, nani atadhurika?

Basi leo naifuta kauli ile, na nitasema kwa nini, hata kama marafiki zangu wa Jumapili watanuna.

Mwenzenu nina Impreza WRX ya mwaka 2003, mkono wa tatu, niliyoinunua kwa mkopo wa SACCOS ya kazini ambao bado unanikata kila mwezi. Ni gari la kwendea kazini, la kumpeleka mama hospitali, na mara mbili kwa mwaka ni gari la mchezo. Tunajichanga, tunakodi eneo la lami lililozungushiwa uzio, tunapanga koni na kupimana muda mmoja mmoja. Hatuna Kyalami sisi, wala Nürburgring ya kilomita 20.8. Tuna koni na saa ya simu. Lakini gari ni hilo hilo, la Jumatatu na la Jumapili, na hapo ndipo penye kazi: unachagua springi na shokapu za kazi gani?

Mimi sikuchagua. Niliamini maandishi yangu mwenyewe (msicheke), nikaenda gereji moja ambayo siitaji, fundi akafungua springi zote nne, akapitisha grenda, akarudishia. Dakika arobaini, shilingi elfu thelathini. Chini ya injini nilikuwa nimepima kwa rula sentimita 15 kabla ya kukata. Baada ya kukata zikabaki 9. Nilizunguka mtaani siku ile kama bwana harusi.

Masika ya 2023, jioni, tunatoka Bagamoyo, mdogo wangu amekaa kushoto. Mvua ilikuwa imekatika, barabara bado mbichi. Kona ya kulia, nipo kama 70, na katikati ya kona lami imebonyea kidogo, bonde ambalo gari la kawaida lingelipita ukalisahau. Nilisikia "ko!" nyuma. Mkia ukachomoka, nikakata usukani nikachelewa, tukaishia mtaroni ubavu wa kushoto. Mdogo wangu alivunjika mtulinga. Mama nilimwambia ni mvua. Na mdogo wangu, kwa kunisitiri, akasema ni mvua.

Haikuwa mvua. Hebu nieleze ile "ko!" ni nini, maana nimekaa nayo muda mrefu.

Ndani ya kila shokapu kuna raba fupi ya kuzuia chuma kisigonge chuma gari linapozama sana. Kati ya gari lililotulia na raba ile kuna nafasi, na hiyo nafasi ndiyo mali yako yote barabarani. Ukikata springi, unaila nafasi. Watetezi wa grenda husema springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo inafidia. Kweli, inakuwa ngumu. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukikata mmoja, ugumu unaongezeka kwa asilimia 20. Lakini fizikia ya sekondari inasema nguvu inayomezwa na springi inakwenda na ugumu mara kipeo cha pili cha umbali inaobonyea. Kwa lugha ya mtaani: ukiipunguza nafasi ikawa nusu, unahitaji springi ngumu mara nne ili kishindo kile kile kisifike kwenye raba. Wewe umeongeza asilimia 20. Zilizobaki unazilipa kwa raba, na raba ikibanwa inageuka jiwe. Katikati ya kona tairi za nyuma zinakuwa hazina springi tena, zinabebwa na jiwe, na tairi iliyobebwa na jiwe juu ya lami mbichi inaachia. Ndiyo ile "ko!".

Na hapo sijagusa shokapu. Shokapu ya kiwandani imetengenezwa kutuliza springi ya ugumu fulani, ifanye kazi katikati ya urefu wake. Ukiiwekea springi fupi na ngumu zaidi inakaa imejikunja siku zote, inashindwa kutuliza mruko, na haichukui muda inaanza kuvuja mafuta. Ncha iliyokatwa nayo haikai vizuri kwenye kikombe chake. Tairi ikining'inia, springi inalegea na inaweza kuhama mahali pake. Na wale wanaozipasha moto kwa gesi mpaka zilegee zenyewe ndio kabisa. Chuma cha springi kimepewa uhai wake kwa moto uliopimwa kiwandani. Ukikipasha kwa kukadiria, uhai ule unauondoa. Kitaendelea kulala, au siku moja kitakatika.

Sasa nije kwenye hoja yao kubwa: "Mbona magari ya mashindano yako chini?"

Yako chini, ndiyo, na faida ipo. Uzito ukiwa chini, gari likiingia kona uzito kidogo zaidi unabaki kwenye tairi za ndani. Lakini hesabu ya faida hiyo mmewahi kuifanya? Chukua gari la kilo 1,400, kitovu cha uzito kiwe nusu mita kutoka chini, na kati ya tairi ya kushoto na ya kulia kuwe na mita 1.5. Kwenye kona ya ukali ambao tairi nzuri ya mtaani inakaribia kushindwa, kama kilo 467 zinahama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Shusha gari sentimita 3. Zinahama kama 439. Umeokoa kilo 28! Si haba kwa anayetafuta nusu sekunde, lakini huo si muujiza wa kuvunjia mtu mtulinga.

Na kwa Impreza kuna mtego mwingine. Gari hili mbele na nyuma linatumia shokapu za mtindo wa MacPherson, zile zinazosimama wima na kushika tairi zenyewe, na chini kuna mkono wa kuzishikilia. Mkono ule ukiwa karibu na usawa, mambo ni mazuri. Ukilishusha gari sana, mkono unapanda kuelekea kwenye tairi, na ile nukta ambayo bodi huzungukia linapoegemea kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Matokeo yake gari lililolala chini linaweza kuegemea zaidi kwenye kona kuliko lilipokuwa juu. Soma tena hapo. Ulichokifuata gereji ndicho ulichokipoteza. Tairi nazo zinabadilika mwelekeo, na usipofanya alaimenti upande wa ndani unalika. Mimi zilikwisha miezi miwili, na ndani zilikuwa zimeanza kutoa nyuzi.

Halafu tusisahau Subaru ilijipatia jina wapi kwetu huku. Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya na Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye mwaka 2000. Tafuteni picha za magari yale. Yameinuliwa! Yana na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu ili wavuke maji. Timu hiyo hiyo ikienda kwenye mashindano ya lami Ulaya ilishusha magari na kufunga springi na shokapu nyingine. Watu wenye wahandisi na makontena ya spea hawakupata seti moja ya kufaa kila barabara. Wewe umeipata kwa elfu thelathini?

Ndiyo maana nasema gari la mtaani na la mchezo ni lazima likubali kupoteza kidogo kila upande, na la kwanza kuulizwa ni barabara unayoishi. Uwanja wa lami laini unavumilia springi ngumu. Gari la kawaida huchezacheza mara moja hadi moja na nusu kwa sekunde likibonyezwa na kuachiwa, na la mashindano mara mbili au zaidi. Sasa peleka hilo la mashindano kwenye matuta na rasta za barabara zetu uone. Tairi hairudi chini kwa wakati, inaruka, na tairi iliyo hewani haifungi breki wala haikati kona.

Mimi nilichofanya baada ya mtaro ule nakisema wazi, ingawa mfuko uliumia. Kwanza tairi nne mpya zinazofanana. Ndiyo, tairi kabla ya springi, kwa sababu kila kinachofanywa na springi kinapita kwenye tairi. Pili, shokapu mpya za KYB pamoja na springi zilizotengenezwa kwa gari hili, zinazolishusha sentimita 2.5 na basi, na raba zake mpya. Kisha alaimenti. Ningekuwa na hela zaidi ningetazama Bilstein. Wao shokapu ya B6 ni ya gari lililo kwenye kimo chake, na B8 ni fupi kwa ajili ya lililoshushwa, yaani kiwanda chenyewe kinakuambia ukishusha gari, badilisha na shokapu. Zile seti za kupandisha na kushusha kwa kuzungusha sizipingi, kwa anayejua kuzipanga. Ila nyingi ninazoziona mjini zimezungushwa mpaka mwisho wa uzi, na mwenyewe hajawahi kugusa kile kitufe cha kulegeza na kukaza shokapu. Huyo amenunua grenda ya bei mbaya.

Na uwanjani? Kabla ya kufunga tairi mpya nilirudia mzunguko wetu wa koni kwa tairi zilezile za akiba nilizotumia wakati wa springi za kukata. Wakati ule muda wangu mzuri ulikuwa sekunde 58. Kwa springi mpya, gari likiwa juu zaidi kuliko wakati ule, nikapata 55 na nusu. Sisemi ni utafiti. Nasema rafiki yangu mmoja, mtetezi mkuu wa grenda, alikuwa ameshika saa na hakusema neno mpaka tunakula chipsi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hela zipo. Kijana ana rimu za inchi 18, ana taa za rangi, ana muziki wa kutikisa vioo vya jirani, halafu kwenye kitu kinachomshikiza na ardhi anatafuta cha elfu thelathini. Nami nilikuwa hivyo hivyo, sijitoi.

Mama nimemwambia ukweli Jumapili iliyopita, baada ya kukutana na yule kijana. Aliniangalia, akauliza springi ni kitu gani, nikamweleza, akanyamaza, akaenda kumpigia simu mdogo wangu. Sijui walisema nini.

Wewe wa Impreza ya bluu, ukipita hapa: springi nzima za mtumba za gari hilo zinapatikana Ilala, si ghali hata kidogo ukilinganisha na rimu zako. Jumamosi asubuhi niko huru. Fundi wa kuzifunga nitamlipa mimi.