Gitaa yako haijakufa, acha kudanganywa

Wasee, gitaa ya umeme ikinyamaza kidogo tu, utaskia "hiyo imeisha, nunua mpya." Imeisha aje? Ndani hakuna kompyuta. Kuna pikapu (sio ile ya kubeba viazi), yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, halafu vifungo vya volyumu na toni, na tundu la kuchomeka kebo. Basi.

Mimi natengeneza za zamani nyumbani, kwa kupenda tu. Kwanza naangalia hilo tundu. Nati hulegea, tundu linazunguka na kebo, waya ndani unakatika. Unalehemu, imerudi. Ikikwaruza ukigeuza volyumu, mara nyingi ni uchafu. Pikapu ya koili moja ikipimwa na mita isome kilo-omu 5 hadi 8 hivi, iko hai kabisa.

Sasa kuna mafundi wanang'oa pikapu nzima kama hiyo, wanaweka mpya ya bei rahisi, wanakulipisha. Yako inaenda wapi? Halafu tunalia benga ya siku hizi haina ile sauti. Kwani D.O. Misiani na Shirati Jazz walirekodi na gitaa za mwaka huu?

Ukiambiwa imekufa, sema afungue mbele yako, akuonyeshe ni wapi.