Moyo wa Mzee na Ufa Usiozibwa



Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii twaitumia kwa nyumba na kwa ndoa. Juma hili tuitazame katika moyo wa nyama, hasa moyo wa wazee wetu.

Ngozi hujivua na kuvaa upya, lakini moyo huzaa seli mpya kwa uchache mno. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka. Mzee wa miaka 75, chini ya nusu ya hiyo. Ndiyo kusema, hapa ukuta haujengwi tena. Kilichobaki ni kuziba ufa.

Nao huzibwaje? Seli hukusanya protini zilizoharibika na mitokondria zilizochakaa, ambazo ndizo majiko yake ya nguvu, ikazimeng'enya na kuvitumia tena vipande vyake. Mwaka 1963 Mbelgiji Christian de Duve aliiita kazi hiyo otofaji, yaani kujila. Mjapani Yoshinori Ohsumi, aliyeichunguza katika hamira, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2016. Umri unaposonga, usafi huo hulegea, taka hurundikana, na moyo hudhoofika.

Kwa kuwa njaa huamsha otofaji, wamezuka wanaowaaminisha wazee kwamba kufunga kula hutibu moyo, hata vidonge vya shinikizo la damu vitupwe. Hilo twalikataa waziwazi. Ushahidi mwingi umetoka kwa hamira na panya. Haujathibitisha kwamba mzee mwenye maradhi ya moyo huponywa na njaa. Kanisa lenyewe, linaloenzi mfungo, halimbani kwa sheria hiyo aliyekwisha kuanza mwaka wake wa 60. Iweje mwuza maneno awe mkali kuliko Mama Kanisa?

Katika panya, uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hata kukimbia huamsha usafi huo moyoni. Basi, tumsindikize mzee kliniki, tuhakikishe vidonge vimemezwa, na daktari akiruhusu, jioni tutembee naye hatua chache. Gharama yake ni muda wetu tu, na huo ndio tunaowanyima wazee mara nyingi.

Twawatakieni juma jema.